Miguu ya Mama na Waya wa Kichwani

Ugonjwa wa mama ulianza tukiwa Sudan, kambini, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuita ugonjwa.

Tulikimbia kutoka Koboko, mji wetu karibu na mpaka wa Sudan, mwaka 1979, vita vilipofika kwetu na kila nyumba iliyokuwa na mtu jeshini ikajua kwamba itatafutwa. Baba alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Alituvusha mpaka, akarudi kuchukua magunia ya mtama tuliyoyaacha, na huko alikorudi hakutoka. Hatukupata kaburi wala habari. Tulibaki watatu: mama, mimi niliyekuwa darasa la sita, na mke wa pili wa baba, ambaye nilimwita mama mdogo. Mama mdogo hakuwa na mtoto. Wazazi wake walikwisha kufa, na ndugu zake walikuwa wametawanyika Zaire, hakuna aliyejua wapi. Akakaa nasi kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa.

Wake wenza hawa hawakuwa wakisemeshana. Chanzo nilikisikia mara nyingi na kila mara kilikuwa kingine. Waliishi katika kibanda kimoja cha nyasi, wakala sahani moja, na maneno yao yote yakapitia kwangu.

"Mwambie mwenzangu chumvi imekwisha," mama alikuwa akisema, na mama mdogo yuko papo hapo, goti lake linagusana na lake.

Mimi nageuka. "Chumvi imekwisha."

"Mwambie nimesikia."

Nilianza kuchoka tangu wakati huo.

Mama alikuwa fundi wa kusuka kawa, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Koboko hapakuwa na harusi ya Kiislamu ambayo kawa zake hazikufunika sinia. Kambini aliendelea kusuka, na Wasudani walinunua. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutikisika kila anapoupumzisha. Kidole gumba kilisugua kidole cha shahada bila kukoma, kama mtu anayevuta tasbihi. Wanawake wa kambini walimsifu. "Huyu anamtaja Mungu mchana kutwa," walisema. Mama aliona haya kuwaambia kwamba mkono unajiendea wenyewe. Baadaye kawa zake zikaanza kupinda upande mmoja, na siku moja akaifumua aliyokuwa anasuka, akaziweka nyasi chini ya mkeka, asizitoe tena.

Tulirudi nyumbani katikati ya miaka ya themanini, watu walipoanza kurudi. Mpakani palikuwa na daraja la mbao, na upande wa pili askari walikuwa wanapekua mizigo. Mama alikuwa mbele yetu na beseni la sufuria kichwani. Alipofika pale ardhi inapoishia na mbao zinapoanza, akasimama. Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona magoti yake yanatetemeka pale pale, na nyayo zimekwama kama zimegandishwa kwa lami.

"Wewe mama, kuja!" askari mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo.

Mama hakwenda.

"Nasema kuja! Unabeba nini kwa beseni?"

Uso wake ulikuwa mkavu. Haukuonyesha hofu wala heshima, na askari hapendi uso wa namna hiyo. Akashusha bunduki begani. Watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kurudi kinyumenyume. Ndipo mama mdogo, aliyekuwa amejitwika godoro, akanyoosha mkono mmoja na kumsukuma mama mgongoni kwa nguvu zake zote.

Mama alianguka kwa viganja juu ya mbao. Beseni lilipaa, sufuria zikabingirika hadi ukingoni, moja ikatumbukia mtoni. Askari wakacheka. Yule mwenye bunduki naye akacheka, akasema, "Muache, huyu muzee." Nilimwinua mama. Kwa mshangao wangu, baada ya kusimama alitembea daraja zima bila shida yoyote, haraka haraka, kama mtu anayeteremka kilima.

Jambo hilo lilikaa nyumbani kwetu kwa miaka. "Alinisukuma mbele ya jeshi," mama alisema kila alipokasirika.

"Mwambie mama yako wangempiga risasi."

"Mwambie mwenzangu afadhali risasi."

Nyumba yetu Koboko tuliikuta kuta tupu. Tuliezeka chumba kimoja kwanza, na wake wenza wakalala humo wote wawili, kila mmoja na ukuta wake. Shamba letu lilikuwa Lobule, mihogo na simsim, na mama alipenda kwenda huko kwa miguu asubuhi kabla jua halijakaza. Mimi nilimaliza masomo, nikasomea ualimu Arua, nikapangiwa shule ya msingi huko Ayivu, nje kidogo ya mji. Nilikodi chumba karibu na shule. Kila Ijumaa baada ya vipindi nilidandia lori la mizigo kwenda Koboko, juu ya magunia, na Jumapili nilirudi kwa njia hiyo hiyo, vumbi limejaa masikioni, madaftari ya wanafunzi yako mfukoni hayajasahihishwa.

Kila nilipofika nilimkuta mama amepungukiwa na kitu. Mara sauti imepungua. Mara anatembea kwa hatua fupi za kuburuta, mwili umetangulia mbele na miguu inaukimbilia. Mlangoni alikuwa anasimama. Angeweza kutembea uani vizuri kabisa, lakini akifika kizingitini miguu inagoma, na ukimwambia "pita, mama," anakujibu kwa sauti ndogo, "Mimi nataka. Muguu ndiyo haitaki." Na alikuwa akianguka. Hakuanguka kama watu wengine wanaojikwaa na kutanguliza mikono. Alianguka nyuma, mzima mzima, kama ubao.

Tulimpeleka kwa shehe. Akamwandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, mama akanywa, na shehe mwenyewe baada ya wiki chache akatuambia, "Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali." Zahanati walimpa dawa ya malaria, kisha vitamini, kisha wakasema ni uzee. Hakuwa mzee. Majirani walisema ana kiburi, kwa sababu walimsalimu naye akawatazama bila kutabasamu. Mama mdogo alikuwa na hakika zaidi yao wote. "Mwambie mama yako," aliniambia, "hata Mungu hapendi mtu wa kununa hivyo."

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilisikia kwamba daktari kutoka Kampala atakuja hospitali ya Arua. Tulikwenda sote watatu, maana mama hakuweza tena kusafiri na mtu mmoja. Lazima mmoja amshike mbele na mwingine akae nyuma. Daktari alikuwa kijana, mwenye miwani. Alimtazama mama akitoka mlangoni hadi kwenye kiti, na nadhani alikuwa amekwisha kujua kabla hatujaketi. Alimkunja mikono, akamgongagonga katikati ya nyusi, akamwambia afungue na kufunga vidole upesi. Kisha akatuambia ugonjwa huu unaitwa Parkinson. Alisema ndani ya ubongo kuna sehemu inayotengeneza kitu kinachousaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha kwa ulaini, na sehemu hiyo ya mama inakufa pole pole. Ndiyo maana mkono unatikisika, miguu inakwama, sauti inapungua.

"Na uso pia," akasema. "Misuli ya uso inakakamaa. Mtu anaweza kufurahi moyoni na usione kitu."

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono juu ya mabega ya mama ili asipinduke. Akainama, akamtazama mama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nipate akili nikamsikia anamsemesha yeye mwenyewe.

"Kumbe siku zote hizo hukuwa umeninunia?"

Mama alichelewa kujibu, kama alivyochelewa kwa kila kitu. "Nilikuwa nimenuna pia," akasema.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikujua kama ni kicheko tu. Tangu siku ile walisemeshana. Zaidi waligombana, lakini waligombana wenyewe kwa wenyewe, nami nikapata likizo ya kazi ile.

Vidonge vilitoka Kampala. Mwanzoni vilifanya kazi kiasi kwamba niliogopa. Mama alikwenda soko la Koboko peke yake, akarudi na samaki wakavu, akawapika. Mkono ulitulia. Alinisimulia mambo ya utoto wake niliyokuwa sijawahi kuyasikia, na aliposimulia sura yake ilisogea. Majirani waliokuwa wamemwita mwenye kiburi walikuja kumpa pole na hongera kwa pamoja. Nilidhani tumefika.

Hatukuwa tumefika. Baada ya muda vidonge vikaanza kuisha nguvu kabla ya saa ya kidonge kingine. Mama alikuwa kama nyumba yenye umeme wa kukatika: sasa anatembea, sasa amekwama katikati ya ua na kuku wanamzunguka. Siku nyingine mwili mzima ulicheza cheza kwa sababu ya dawa yenyewe. Na jambo baya zaidi, miguu ilianza kugoma hata saa ambazo mkono umetulia na sauti inasikika. Kwa hiyo alikuwa mzima juu, mgonjwa chini. Kisha waasi wakaharibu barabara ya Kampala, basi likachomwa, mengine yakaacha kuja kwa muda, na dawa ikaadimika. Nilizunguka Arua duka kwa duka. Wauzaji walinijua, wakawa wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kuna mwalimu mwenzangu aliyetaka kunioa. Alinisubiri, kisha akachoka kusubiri, akaoa huko Nebbi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningalikuwa yeye ningalichoka mapema zaidi.

Jumamosi moja nilikuwa nafua nguo za mama uani. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameganda, na mama mdogo alikuwa ndani na sufuria ya uji wa moto anataka kutoka.

"Toka mlangoni!"

"Siwezi."

"Iko unafanya makusudi. Dakika hii ulikuwa unatembea."

"Siwezi, nimesema."

"Uji iko inaniunguza mikono, wewe mutu!" Mama mdogo alishindwa kabisa kujizuia. Akanyoosha mguu wake, akauweka kwa ubavu mbele ya vidole vya mama. "Haya, piga teke muguu yangu! Kama una nguvu ya kuziba mlango, piga!"

Mama akainua mguu, akauruka mguu wa mama mdogo, akaingia jikoni.

Walitazamana. Mama mdogo aliweka sufuria chini taratibu. "Rudi," akasema. Mama aligeuka kwa shida, akafika kizingitini, akakwama. Mama mdogo akaweka mguu tena. Mama akauvuka kama mtu anayevuka gogo barabarani.

"Wewe ulikuwa unataka kuniangusha," mama akasema.

"Nilikuwa nataka kukuangusha kweli," mama mdogo akajibu, na wote wawili wakaketi chini mlangoni, uji ukapoa.

Haikufanya kazi kila mara. Lakini ilifanya mara nyingi za kutosha, na baada ya hapo niliwaona wakivuka ua namna hiyo, mmoja anatembea kwa ubavu na kuweka mguu, mwingine anauvuka, wakilaumiana njia nzima. Daktari mmoja baadaye alitushauri tuchore mistari sakafuni kwenye milango, kwa sababu macho yakipata kitu cha kuvuka miguu hukumbuka kazi yake. Tulichora kwa chokaa. Mama alisema mistari haina maneno mengi kama mwenzake.

Habari za waya zilikuja kupitia kwa mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama. Alikimbia mwaka ule ule kama sisi, akaenda mbali zaidi, mpaka nchi ya baridi, na huko alifanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali kubwa. Siku hizo ukitaka kusema na mtu wa ng'ambo ulikwenda posta ya Arua ukakaa kwenye benchi kungoja simu ilie. Nilikaa. Ililia.

"Huku wameanza kitu kipya," mjomba alisema, sauti yake inakuja na kwenda. "Wanatoboa kichwa vitundu vidogo, wanaingiza waya mwembamba mpaka ndani ya ubongo. Waya unashuka chini ya ngozi mpaka kifuani, na kifuani wanaweka betri."

"Betri kama ya redio?"

"Ndogo. Inapeleka umeme kidogo kidogo, usiku na mchana. Nimemwona mtu kwa macho yangu. Alikuwa hawezi kushika kikombe. Sasa anakunywa chai yake mwenyewe, mkono umetulia tuli."

"Na kutembea?"

"Nilimwona amekaa," mjomba akasema. "Lakini wanasema wanatembea. Nitatafuta watu wa kumsaidia aje. Wewe mpeleke Kampala, kwa daktari mkubwa wa ubongo, aandike kwamba anafaa."

Nilipowaeleza nyumbani, mama mdogo alishika kichwa chake mwenyewe. "Watamtoboa yeye anaona?"

"Mjomba anasema mgonjwa anakuwa macho, ili wamwulize."

"Wamwulize nini? Kama iko inauma?"

Mama alitugeuzia shingo pole pole. Kisha akauliza, "Nitakwenda Lobule kwa miguu?"

Nilimwambia mjomba anasema watu wanatembea. Ndilo lililomwingia. Tangu siku ile alikuwa na tumaini, na tumaini la mama lilikuwa kazi. Alitaka viatu vya kufunika kwa sababu ya baridi. Alitaka koti. Sokoni kulikuwa na mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan aliyekuwa akiuza nguo za mitumba, Mkristo, mcheshi, ambaye zamani alinunua kawa kwa mama kule kambini. Alimtunzia koti zito la kijivu lililofika magotini, na kila aliyekuja kulitaka alimwambia lina mwenyewe, anakwenda kutibiwa kwa wazungu. Mama alilivaa ndani ya nyumba, kwenye joto la Koboko, akakaa nalo kitandani huku jasho linamtoka. Nilitazama nikageuza uso.

Barabara ilipotulia tulipanda sote watatu basi la Kampala. Sitaki kusimulia safari ile. Mtu aliyeganda anaposhuka kwenda haja kando ya barabara, na abiria wote wanangoja, na dereva anapiga honi, kila dakika ina uzito wake.

Daktari mkubwa alikuwa mzee mpole, na kwa bahati yetu alijua Kiswahili, cha Nairobi, kwa sababu alifanya kazi huko miaka mingi. Alituagiza tuje asubuhi kabla mama hajanywa dawa. Akamtazama hivyo, mkavu, anatikisika, hawezi kunyanyuka kitini. Kisha akampa dawa, akatuambia tungoje barazani mpaka ishike. Iliposhika, mkono ukatulia, uso ukalainika, mama akamwambia daktari kwamba ua wa hospitali yake unahitaji kufagiliwa. Daktari akafurahi.

"Sasa tembea, mama, mpaka mlangoni."

Mama akatembea. Mlangoni akakwama.

Daktari alimrudisha katikati ya chumba, akasimama nyuma yake. "Nitakuvuta mabega. Jizuie usianguke." Akavuta kidogo tu, kama unavyomvuta mtu nguo kumwita. Mama hakupiga hata hatua moja ya kujiokoa. Alianguka nyuma moja kwa moja, na daktari, aliyekuwa amejiandaa, akamdaka kifuani.

Tuliketi. Daktari alivuta kiti chake mpaka magoti yake yakawa karibu na ya mama, na akasema na yeye, hakusema na mimi.

"Mama, operesheni hiyo nimeisoma. Bado changa. Inatuliza mikono inayotikisika, na wengine inawalegeza mwili. Lakini kwa ninavyoielewa, waya unafanya kile ambacho dawa inaweza kufanya, ila bila kukatika katika. Kile ambacho dawa imeshindwa, waya nao kwa kawaida unashindwa. Sasa umemeza dawa na imeshika, mkono umetulia. Lakini miguu imekwama mlangoni, na nilipokuvuta umeanguka."

"Kwa hiyo nitakuwa na waya na nitaanguka," mama akasema.

"Naogopa hivyo. Kuna wengine wametulia mikono na mwendo ukazidi kuwa mbaya."

"Na Lobule?"

Daktari alinitazama. Nikamwambia ni shambani, anataka kwenda kwa miguu.

"Sitakudanganya, mama. Siwezi kukuahidi Lobule."

Mama alitazama mikono yake, ambayo wakati ule ilikuwa imetulia mapajani. "Mikono mimi nimeizoea," akasema. "Ningepewa miguu, wangetoboa hata mara kumi. Kwa ajili ya mikono, kichwa changu kikae hivi hivi."

Daktari akasema anaweza kumwandikia hata hivyo, huko ng'ambo wamwone wenyewe waamue. Mama akakataa. Mama mdogo alikuwa ameshika mkoba wetu kifuani muda wote, na nilimwona anashusha pumzi.

Mimi sikujua ninahisi nini. Nilikuwa nimejitayarisha kubisha, kubembeleza, kusaini. Nilikuwa nimejitayarisha hata kumzika ugenini. Sikuwa nimejitayarisha kurudi nyumbani na mambo yale yale. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za hospitali, na nilitamani mtu yeyote apite aniulize kama niko sawa ili nimwambie siko sawa. Watu walipita na shughuli zao.

Mjomba alikasirika. Posta ya Arua nzima ilimsikia. "Mmemwacha afe huko! Mimi nimezungumza na watu huku, nimejidhalilisha, na ninyi mnarudi nyuma kwa sababu ya neno la mzee mmoja?"

"Aliyekataa ni yeye, mjomba."

"Mgonjwa hakatai! Wewe ndiye mwenye akili, ungemlazimisha!"

"Mjomba, nimechoka," nikamwambia. "Njoo. Njoo umwinue kitandani wiki moja tu, kisha unifundishe kulazimisha."

Kisha nikasikia analia, mwanaume mzima, kule mbali kwenye mashuka yake. Nikalia na mimi, na yule karani wa posta akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Tangu siku hiyo mjomba alituma vidonge badala ya maneno. Vilikuja kwa mkono wa wasafiri, mara vingi, mara havikuja kabisa. Koti la kijivu alilichukua mama mdogo, akawa analivaa akienda Lobule msimu wa mvua.

Mama aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Siku nzuri zilikuwepo, sitaki mtu adhani hazikuwepo. Alikaa uani akimsahihisha mama mdogo namna ya kupepeta simsim. Mama mdogo alijaribu kusuka kawa kwa maelekezo yake, ikatoka mbaya, na mama alisema hivyo kwa kila mgeni. Asubuhi moja aligeuka haraka kufukuza kuku aliyekuwa anaingia jikoni, akaanguka, na safari hii mfupa wa nyonga ukavunjika. Alikaa hospitali ya Arua mguu umefungwa mawe ya kuuvuta mfupa unyooke. Niliomba ruhusa shuleni, nikapewa, ikaisha, nikawa natoka darasani kwenda wodini na kutoka wodini kwenda darasani. Siku moja nilisimama mbele ya watoto nimeshika chaki na sikukumbuka somo ni lipi. Mtoto wa dawati la mbele akaniambia kwa upole, "Ni hesabu, mwalimu."

Hakusimama tena. Tulimrudisha Koboko. Sauti yake ilikuwa imepungua hata mimi sikuisikia, na mama mdogo ndiye aliyeinamisha sikio na kuniambia anachotaka. Kikohozi kilimwingia wakati wa kiangazi, chakula kikawa kinapita njia isiyo yake, na siku ya Alhamisi adhuhuri, mama mdogo akiwa anampangusa mdomo, akaacha kupumua. Mama mdogo aliendelea kumpangusa. Nilimshika mkono ili aache.

Alizikwa Koboko kabla ya magharibi. Wanawake waliomwosha walisema uso wake ulikuwa umelainika. Mimi niliuona, na kweli ulikuwa umelainika.

Baada ya arobaini nilirudi Ayivu na vidonge vilivyobaki, kwa sababu sikuweza kuvitupa na mama mdogo hakutaka kuviona. Nilimwuliza mganga wa hospitali kama kuna mtu vitamfaa, akasema yupo mzee mmoja wa Manibe, dawa yake imekwisha. Wiki iliyofuata mke wake alikuja shuleni kwa baiskeli wakati wa mapumziko. Alikuwa mwanamke mnene, amechoka, kanga yake imeshika mbegu za nyasi za njiani. Nilimleta chini ya veranda ya ofisi, nikampa kiti na maji.

Alivishika vidonge, akavitikisa ndani ya chupa. "Mama yako alipona navyo?"

"Hapana. Vilimsaidia kwa muda."

"Mume wangu anaanguka nyuma," akasema. "Mimi ni mzito, lakini yeye ni mzito zaidi. Jana tuliangukiana wote wawili, tukalala pale chini tukingoja mtu apite." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wewe ulifanyaje?"

Kengele ilikuwa imelia, watoto wanaingia darasani. Nilimwambia asubiri, nikaenda nikawapa kazi ya kuandika, nikarudi. Nikavuta kiti kingine, nikaanza kumweleza, naye akaegemea ukuta na kufumba macho, akisikiliza.